Vitabu Tulivyofichana

Ruiru, upande wa Kamakis
Jumapili alasiri

Dada yangu mpendwa Mghoi,

Nakusalimu kutoka huku bara, nikitumaini karatasi hizi zitakukuta umeketi, maana nakujua, ukiwa umesimama husomi barua. Unaitia kwenye kabati la vyombo mpaka jioni. Goti lako la kulia linaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema siku hizi unashuka shambani kinyumenyume kwa sababu ya ule mteremko, na kila nikipanda ngazi za hapa nakuwaza. Shemeji naye, kifua kimetulia? Na yule ndama uliyesema hataki kunyonya, aliishi? Sisi huku ni wazima. Wakio amerefuka hata sketi ya shule imemfika magotini, nami bado niko pale pale kiwandani Thika, kwenye mashine ya kukata katoni. Maharagwe na makadamia tuliyapata salama. Makadamia hayakumaliza wiki.

Sasa, Dada, najua si salamu unazongoja. Barua uliyoitia ndani ya gunia la maharagwe ilinifikia, nikaisoma mara tatu, na tangu siku hiyo kila ukipiga simu nakupa habari za mvua. Wewe hukuniuliza tena. Umenistahi tu, na hilo ndilo limenifanya leo nikae mezani niandike, kwa sababu kwenye simu mimi nawe hatuwezi. Wewe unaanza kulia, mimi nasema mtandao ni mbaya.

Uliandika kwamba Januari nikupe Wakio. Kwamba mtoto wa kike wa miaka kumi na tatu hawezi kulelewa na mwanamume peke yake kwenye nyumba ya kupanga, kwamba amebeba jina la mama yetu na wewe humwita Mama, kwamba shule nzuri ziko hata huko Taita. Wewe ndiye uliyenilea. Ukiniambia jambo kuhusu kulea, mimi ni nani wa kubisha? Nataka ujue ukweli wote: nilikuwa nimekubali. Nilishamwuliza mwalimu wake wa darasa namna ya kumhamisha. Hebu nikueleze kilichonifikisha hapo, halafu nikueleze kilichotokea baadaye.

Nyambura wangu alipotutoka, ni miaka miwili sasa, watu walisema mtoto ndiye atakayesumbuka. Mwaka wa kwanza hakusumbuka. Tulipika pamoja, tulifua pamoja, jioni alinisomea insha zake. Ni mwaka huu alipoanza kuzima. Sijui niite vipi. Namwuliza shule ilikuwaje, anasema, "Sawa." Chakula je? "Sawa." Unaumwa? "Niko sawa, Baba." Anakula, anaosha sahani yake na yangu, anaingia chumbani na kufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Mimi hulala sebuleni. Kati yetu kuna mlango wa mbao nyembamba ambao ningeweza kuutoboa kwa kidole, na mwaka mzima sikuthubutu hata kuugonga.

Mwezi wa sita mwalimu wake alinipigia nikiwa kazini. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Wakio ameanza mambo ya wanawake, amesaidiwa, yuko salama, ila nipitie dukani. Nilienda supamaketi nikasimama mbele ya rafu ya sodo nikiwa na ovaroli yangu yenye gundi. Zilikuwa za rangi zote, nyingine zina mabawa. Mhudumu akaniuliza anisaidie, nikasema hapana. Nilichukua pakiti sita za aina sita, nikafika nyumbani kabla yake, nikazipanga juu ya kitanda chake kama mwuza duka, nikatoka kwenda kusimama kwenye ngazi. Alipofika alipita kando yangu, akaingia, akaziona. Tulikula. Yeye hakusema, mimi sikusema. Pakiti ziliondoka kitandani na hazikutajwa. Nikajiambia kwamba kama Nyambura angekuwepo, au kama wewe ungekuwepo, siku ya namna ile haingempita mtoto hivyo.

Barua yako ilinikuta katika hali hiyo. Niliikunja nikaitia katika mkoba wa vyeti, pamoja na cheti cha Wakio cha kuzaliwa na kile cha kifo cha mama yake, nikafunga zipu.

Sasa nikupeleke Thika. Njiani ninapopita nikitoka shifti ya asubuhi kuna duka la mama mmoja Singasinga, mzaliwa wa hapo hapo, watu humwita Mama Simi. Mbele anauza madaftari na rula. Nyuma, ukipita pazia, kuna vitabu vya mtumba kutoka sakafuni hadi darini. Niliingia kutafuta seti ya jiometri ya Wakio, na sijui ilikuwaje, nikajikuta nyuma ya pazia. Mama Simi akanifuata na kiti chake cha plastiki, akaketi.

"Unatafuta ya nini?"

"Naangalia tu."

"Watu wa kuangalia huangalia mbele. Wewe umeinama hapo kwa vitabu za wazazi dakika kumi. Ni kijana ama msichana?"

"Msichana."

"Miaka?"

"Kumi na tatu."

"Mamake anasema aje?"

Nikageukia rafu. Aliinuka akapekua, akanitolea kitabu kinene cha kulea wasichana, jalada limepauka, kimeandikwa kwa Kiingereza na mtu wa ng'ambo.

"Kizungu utasoma?"

"Nitasoma pole pole."

"Basi soma pole pole. Hakuna mtu anakufukuza."

Nilikifunika kwa karatasi ya kaki ya kiwandani, nikaandika juu yake kwa kalamu nyeusi: MWONGOZO WA MASHINE. Nilikuwa nakisoma saa ya chakula, nimeketi juu ya marobota ya karatasi. Siku moja msimamizi wetu aliniomba huo mwongozo, nikamwambia ni wa mashine ya zamani.

Mengi humo hayakutuhusu. Mwandishi anashauri mtoto apewe bafu lake mwenyewe na umpeleke matembezi ufukweni na mbwa. Sisi hapa maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, na matembezi yetu ni kutoka fleti hadi steji ya matatu katikati ya moshi wa nyama choma. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja nilioushika. Ulisema mtoto wa umri ule usimfukuze kwa maswali. Mwulize mara moja, kisha ungoje. Atazungumza atakapokuwa tayari, na kama huamini kwamba atazungumza, hatazungumza.

Basi jioni nikamwuliza, "Leo kuna kitu kimekufurahisha, ama kimekuudhi?"

Akaweka kijiko chini. "Baba, kwani umefutwa kazi?"

"Hapana."

"Uko mgonjwa?"

"Hapana."

"Sawa." Akaosha sahani, akaingia chumbani.

Nikangoja kama kitabu kilivyosema. Dada, nilingoja wiki tatu. Kila siku nyumba ilizidi kunyamaza. Nikaona kitabu kimeshindwa, au mimi ndiye nimeshindwa nacho, na ndipo nilipoenda kumwona mwalimu kuhusu uhamisho.

Jumamosi iliyofuata Wakio alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Huwa anaenda kanisani na jirani yetu, maana mimi tangu mazishi sijaenda, na hili pia nitakueleza. Nilikuwa napandisha magodoro kwenye paa tunakoanika nguo ili yapigwe na jua. Nilipoinua godoro lake, kitabu kikaanguka. Nikakiokota. Kilikuwa cha kuwaelewa wanaume. Nje kuna picha ya mwanamume mwenye tai ameangalia dirishani, na chini imeandikwa kwamba humo utajua wanachowaza na wanachoficha.

Nikaketi juu ya chaga za kitanda. Nikaona vijana wa bodaboda wote wa Kamakis mmoja mmoja, nikamwona kila mwanamume aliyewahi kumsalimu mtoto wangu pale chini. Nikafungua kurasa. Kulikuwa na mistari ya penseli, imepigwa kwa rula, vizuri, kama anavyofanya katika madaftari yake. Sikusoma hata kimoja alichokipigia mstari. Nilikuwa nishajua ninachotaka kujua.

Aliporudi saa sita mchana nilikuwa nimekaa sebuleni na kile kitabu magotini. Sikukumbuka neno hata moja la ule mwongozo wangu.

"Ni nani?" nikasema.

Akasimama mlangoni na begi lake. "Nani nini?"

"Huyu mwanamume. Nataka jina, na nataka kujua anaishi wapi. Wakio, usinidanganye leo."

Nilikuwa napiga kelele. Jirani alizima redio. Wakio hakulia wala hakukimbia. Aliweka begi chini, akaenda kwenye kabati, akautoa mkoba wa vyeti, akafungua zipu na kuiweka barua yako juu ya meza.

"Ni wewe," akasema.

Nilidhani sijasikia. Akarudia, sasa machozi yanamtoka lakini sauti imekaa. "Ni wewe, Baba. Nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa, mwalimu aliitisha. Nikaona barua ya Shangazi. Amesema mwanamume hawezi kunilea. Nikafikiria, nikijua vile wanaume hukuwa, nikose kukusumbua, hutanipeleka."

Dada, mtu anaweza kuishi miaka arobaini na mitatu akidhani anaijua sauti yake mwenyewe, kisha anasikia mwangwi wa kelele alizotoka kupiga. Nikaigeuza barua yako kifudifudi mezani. Akadhani nimekasirika zaidi, akakichukua kile kitabu, akanifungulia mahali alipopiga mstari mara mbili ili nione kwamba hakuwa na nia mbaya. Paliandikwa kwamba mwanamume akinyamaza usimfuate. Mwache, usimwulize, akiwa tayari atakuja mwenyewe.

"Sasa mimi nilikuwa nakuacha," akasema. "Nilikuwa nangoja ukuje."

Nikainuka, nikaenda kwenye mfuko wangu wa kazi. Nikamtolea MWONGOZO WA MASHINE. Alisoma yale maandishi ya juu, akanitazama kama mtu aliyepotea. Nikaondoa karatasi ya kaki. Nikamfungulia ule ukurasa wangu. Aliusoma kwa kidole, polepole, midomo inacheza. Alipofika mwisho alikaa chini sakafuni.

"Na wewe ulikuwa unangoja mimi?"

"Wiki tatu."

"Mimi tangu mwezi wa nane."

Hatukucheka siku hiyo. Kicheko kilikuja baadaye, wiki nyingine, tukiwa tunaosha vyombo, akaniuliza kama mashine ya kiwandani inaendeleaje na mwongozo wake, tukashindwa kusimama. Lakini Jumamosi ile tulikaa sakafuni mpaka magodoro yakaiva juani kule juu, akaniambia mambo. Kwamba siku ya pakiti sita alitaka kunishukuru akaona aibu. Kwamba hatumii aina tano kati ya hizo sita, na zimejaa chini ya kabati. Kwamba kuna siku sauti ya mama yake inampotea kabisa akijaribu kuikumbuka, na anaogopa kuniuliza mimi kama naikumbuka.

Halafu akaniuliza swali. "Kwa nini hatuendi kwa Mama?"

Alimaanisha kaburini. Nyambura amezikwa kwao Gatuanyaga, kwenye shamba la mama yake, unakumbuka, ulikuja. Tangu siku ile sijakanyaga. Nilikuwa namwambia kazi, namwambia barabara, namwambia tutaenda Pasaka. Siku hiyo sikuwa na uongo uliobaki. Nilimwambia kwamba nimemkasirikia Mungu. Kwamba wakati mama yake ni mgonjwa niliomba hadi magoti yakachubuka, na baada ya mazishi niliona kwenda kanisani kuimba ni kama kumsalimia mtu aliyenitendea vibaya. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Hata wewe sijakuambia mpaka sasa, na wewe ni mwanamke wa maombi, naomba usiumie.

Wakio alifikiri. "Kwani ukikasirikia mtu huwezi kumwambia?"

"Naweza."

"Sasa si umwambie."

Jumamosi iliyofuata tulienda Thika pamoja. Mama Simi alipotuona tumeingia wawili alijifunika mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa, mabega yakicheka. Nikamwuliza kama alijua sisi ni baba na mwana.

"Nilijua wewe ulipoandika jina ukilipa. Mna jina moja kwa daftari yangu ya wateja," akasema. "Alikuja na sare ya shule, siku shule yao ilikuwa na michezo hapa Thika, akaniambia anataka kitabu ya kuelewa wanaume. Nikamwambia wewe ni mdogo, enda nyumbani. Akasema ni ya baba yake, wanakaa wawili. Nikampea. Sasa ningekwambia? Mteja ni mteja."

Alitupatia chai ya maziwa yenye tangawizi hapo hapo nyuma ya pazia. Wakio, ambaye sasa mdomo umefunguka na haufungiki, akamwuliza kama ana kitabu cha mtu ambaye amekasirikia Mungu. Nilitaka kuingia chini ya meza. Mama Simi hakucheka. Alipanda kwenye kiti cha plastiki akatoa kijitabu chembamba kutoka rafu ya juu kabisa.

"Hii ilikuwa ya mzee wangu," akasema, akimaanisha marehemu mume wake. "Imeandikwa na Mkristo, sisi ni watu wa gurudwara, ile hekalu yetu, lakini alisoma mpaka ikachanika. Haiulizi kwanza wewe ni wa wapi. Soma, ukimaliza rudisha, hii siuzi."

Nimeisoma, Dada. Haina maneno mengi. Inasema mtu atafute mahali, akae kimya dakika kumi kila siku, aseme anachotaka au asiseme kitu, wala asijipime kama amefanya vizuri. Nilijaribu kiwandani saa ya chakula, nyuma ya marobota, nimefumba macho. Siku ya kwanza mwenzangu aliniletea maji akidhani sukari imeshuka. Siku ya pili nililala usingizi. Siku ya tano nilijikuta namwambia Mungu maneno ambayo siwezi kukuandikia hapa, maneno ya hasira kweli kweli. Nilipomaliza nilirudi kwenye mashine nikakata katoni kama kawaida, na mikono ilikuwa imetulia. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Sijarudi kanisani. Lakini sasa tunaongea, mimi na Yeye, na zamani tulikuwa hatuongei.

Jumapili ya wiki ile tukaenda Gatuanyaga. Kutoka Thika tulipanda pikipiki mbili, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama mkwe alikuwa anafungua mbuzi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, maana miaka miwili si mchezo, hata simu nilikuwa namwachia Wakio. Alinitazama kutoka juu hadi chini.

"Baba Wakio. Umekonda," akasema kwa lafudhi yake inayochanganya r na l. "Kwani mnakula nini huko Ruilu?"

"Nisamehe, Mama. Nilipotea."

"Si umerudi. Njia umekumbuka." Akamgeukia Wakio, akamshika mashavu. "Na huyu amekuwa mlefu hivi. Nendeni kwa mamako kwanza. Uji iko kwa moto."

Kaburi ameliotesha maua ya manjano, analimwagilia kwa maji anayobebewa kwa punda. Tulikaa pale chini, mimi na Wakio, bega kwa bega. Yeye alimweleza mama yake habari za shule kwa sauti, kama mtu anayeongea na mtu aliye jikoni. Mimi sikuweza. Nilifungua mdomo, kikatoka kilio tu, kile ambacho sikulia siku ya mazishi kwa sababu watu walikuwa wengi na nilikuwa na shughuli ya kugawa viti. Wakio alinishika kiwiko. Hakuniambia ninyamaze.

Baadaye tulikunywa uji jikoni. Wakio akatoka kwenda kuwaona mbuzi wadogo, nikamweleza mama mkwe mambo yote, barua yako, vitabu, na jinsi nilivyokuwa nimeshindwa. Nilimwambia nadhani mtoto wa kike anahitaji mwanamke, mimi sijui kumfanya azungumze.

Yule mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Nyambula alininyamazia mwaka mzima," akasema. "Alikuwa na hiyo miaka, kumi na tatu, kumi na nne. Mwaka mzima. Na mimi ni mwanamke, na ni mimi nilimzaa."

"Ulifanya nini?"

"Ningefanya nini? Nilikuwa naenda na yeye kukamua. Yeye mbuzi yake, mimi yangu. Hatuongei. Siku moja akaanza kuongea."

Hicho ndicho kilichonipindua, Dada. Nilikuwa nimeuchukulia ukimya wa Wakio kama ushahidi kwamba mwanamume hafai. Nyambura aliyekuwa na maneno kuliko redio, aliyenifundisha mimi kusema, naye alipitia mlango ule ule, na mama yake mzazi alikaa nje akingoja kama mimi.

Tuliporudi nilimpa Wakio barua yako, nikamwambia aisome mbele yangu, yote, si ya kuibia. Nikamwambia Shangazi hakuandika kwa ubaya, ameandika kwa sababu anatupenda na anatuogopea. Nikamwambia achague mwenyewe na sitakasirika. Alichukua siku mbili. Jumanne, tukiwa kwenye foleni ya maji na mitungi yetu, akanipa jibu.

"Kuenda nataka," akasema. "Kupelekwa sitaki."

Kwa hiyo, Dada, naomba hivi. Shule zikifungwa nitamleta mwenyewe, akae nawe Desemba yote. Kuna mambo ambayo nakiri siyawezi, na yeye ameyaandika kwenye karatasi, mengine hakutaka niyaone, akaikunja. Mfundishe kuponda kimanga cha muhogo na maharagwe, maana changu hata yeye anasema ni matope. Mwonyeshe alipozaliwa bibi aliyempa jina. Januari nitakuja kumchukua, aendelee na shule hapa, na kila likizo awe wako. Kama unaona nimekosea, niambie, nitakusikiliza hadi mwisho. Ila jibu langu ni hilo, na nimelitoa nikiwa nimetulia.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo lililonisumbua kuliko yote. Katika kile kitabu kinene kuna sura ya wasichana wa miaka kumi na sita. Mwandishi anasema katika umri ule msichana anahitaji usingizi wa kutosha, wenzake wa kucheka nao, na mtu mzima mmoja wa kumwuliza anaendeleaje. Niliisoma nikiwa juu ya marobota, saa ya chakula, nikashindwa kumaliza ugali wangu. Mama alipofariki wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, mimi mitano. Uliacha shule katikati ya muhula ukabaki na mimi na ng'ombe, Baba yuko kazini Mombasa. Nakukumbuka ukinifulia shati langu moja kijitoni na kunikausha kwa leso yako. Miaka yote hii nilikuwa nakuona katika picha hiyo kama mwanamke mzima. Haikunijia hata mara moja kwamba aliyekuwa pale kijitoni ni msichana, mkubwa kwa Wakio kwa miaka mitatu tu.

Nani alikuuliza unaendeleaje, Dada? Nani alikununulia hata pakiti moja, ya aina yoyote? Mimi sikuwahi. Nilikua, nikasoma, nikaondoka, na kila barua niliyokuletea ilikuwa ya kuomba au ya kushukuru. Leo nakuuliza, najua nimechelewa miaka mingi. Ilikuwaje kwako? Ukitaka kuniandikia, andika. Ukitaka tukae jikoni kwako Desemba, watoto wakiwa nje, uniambie kwa mdomo wako, nitakaa. Na kama hutaki kusema, pia ni haki yako.

Nisalimie Shemeji, mwambie dawa ya kifua aliyoniagiza nitakuja nayo. Msalimie mwanao Mwadime, fundi wetu wa mbao, aliyepewa jina langu, na mkewe aliyejifungua juzi, nasikia ni wa kike, hongera kwao. Mfikishie salamu Mama Mdogo Samba, muuza mboga, na Mzee wa kanisa jirani yako, umwambie sijapotea moja kwa moja. Wakio anawasalimu wote, na anauliza kama ndama ameshapewa jina.

Ni mimi ndugu yako mdogo, mtoto wa kwanza uliyemlea,
Mwadime, Baba Wakio